AMANA YAKO IKO MIKONONI MWA NANI?



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujaendelea kusoma jiulize swali moja tu. Benki unayoweka pesa zako, mwenyewe ni nani? Sikuulizi jina la meneja wa tawi, yule anayekusalimia vizuri na kukuuliza habari za watoto. Sikuulizi jina lililoandikwa juu ya mlango. Nakuuliza mwenyewe hasa, yule ambaye faida ikipatikana inamwendea, na akitaka kuiuza benki kesho asubuhi ataiuza, na wewe utasikia kwa redio kama watu wengine.

Wengi wetu hatujui. Na sisi ndio watu wa kuuliza! Kijana akija kuposa, tunauliza baba yake nani, babu yake alitoka wapi, anaswali msikiti gani, deni la dukani analipa au halipi. Lakini pesa ya miaka 20 ya biashara, pesa ya mirathi ya mayatima, pesa ya ujenzi wa msikiti, tunaipeleka kwa watu tusiowajua kwa sababu mlangoni pameandikwa neno la Kiarabu na ndani mabinti wamevaa hijabu.

Kiswahili chetu kina jina la pesa iliyowekwa benki. Inaitwa amana. Si neno dogo hilo. Amana ni mali ya mtu iliyoko mkononi mwako, na siku akiitaka unamrudishia. Mama zetu walikuwa wakiacha dhahabu kwa jirani wakienda Hijja, na yule jirani walimjua yeye, mumewe na tabia yake. Sasa tumebaki na jina la amana, tukaitupa kazi ya kumjua mtu.

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wa Kenya tuna ugonjwa wa kusahau.

Mwaka 2015, tarehe 14 Agosti, Benki Kuu ya Kenya iliifunga Dubai Bank. Ilikuwa moja ya benki ndogo kabisa nchini, na siku 10 baadaye ikatangazwa kwamba inafilisiwa. Wengi walisema, ah, ni kibenki kidogo. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo ikaja Imperial Bank. Hiyo haikuwa ndogo. Ilikuwa na wateja zaidi ya 50,000, na ilikuwa imetoka tu kuchangisha Sh2 bilioni kwa bondi iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ikiwa mlangoni mwa Soko la Hisa la Nairobi. Yaani wakaguzi walipita, mamlaka ilipita, mawakili walipita, wote wakapiga muhuri. Kisha tarehe 7 Aprili 2016 ikafungwa Chase Bank. Benki tatu kwa miezi minane.

Ya Imperial inafaa tuikalie kidogo. Mkurugenzi mkuu wake alifariki Septemba 2015. Wiki chache baada ya kifo chake ndipo bodi ikaenda Benki Kuu kusema kuna mambo imeyagundua. Madai yaliyofika mahakamani yalikuwa ya zaidi ya Sh30 bilioni, pesa zilizokuwa zikitoka kwa njia ya mikopo isiyoonekana kwenye hesabu za kawaida, na si kwa mwaka mmoja wala miwili, kwa zaidi ya miaka 10. Benki Kuu ikawashtaki wakurugenzi na wanahisa. Wao wakasema walidanganywa kama sisi, na kwamba Benki Kuu ndiyo iliyolala. Mimi si hakimu. Lakini kama raia nina haki ya kushangaa. Bodi inakaa, inakunywa chai, inapitisha hesabu, inalipwa posho ya kikao, miaka inapita, na hakuna aliyeona? Ikiwa kweli hawakuona, basi walikuwa wanafanya nini pale? Na ikiwa waliona, hilo ni jambo jingine kabisa.

Wenye akaunti walilipwa mwanzo mpaka Sh1 milioni kila mmoja. Mwenye chini ya hapo alinusurika. Mwenye duka la jumla, mwenye shule, mwenye pesa za kuuza nyumba ya marehemu baba, huyo aliambiwa angoje. Alingoja mpaka 2020 ilipokuja KCB kuchukua sehemu ya mali na madeni, na Desemba 2021 benki ikatangazwa kufilisiwa. Miaka sita. Kuna watu waliokufa wakingoja, na watoto wao wamerithi karatasi.

Lakini Chase ndiyo inayotugusa sisi kwa karibu, na ndiyo tusiyopenda kuizungumza. Chase ilikuwa na dirisha la Kiislamu, Chase Iman. Wengi wetu tulikuwa pale. Mwisho wa Machi 2016 benki ilichapisha hesabu zake za mwaka. Siku chache baadaye ikachapisha nyingine, za mwaka ule ule! Kwenye karatasi ya pili mikopo ya watu wa ndani, yaani wakurugenzi, wanahisa, washirika wao na wafanyakazi, ilikuwa imezidi Sh13 bilioni. Tofauti kati ya karatasi mbili ilikuwa karibu Sh8 bilioni.

Sasa sikiliza maelezo yaliyotolewa. Upande wa wenye benki ulisema kwamba pesa zile hazikuwa mikopo kwa wakurugenzi. Zilikuwa musharaka, ubia wa Kiislamu, benki na kampuni fulani wamenunua mali pamoja. Wakaguzi wa hesabu wakakataa, wakasema ziandikwe kama mikopo ya watu wa ndani.

Neno musharaka, ndugu yangu. Neno ambalo maalim wako alikufundisha kwenye fiqhi, kwamba watu wawili wanaweka mali, wanagawana faida kwa walivyopatana na hasara kwa kadiri ya mtaji. Neno hilo likajikuta katikati ya mabishano kuhusu nani alichukua pesa za nani. Sisemi nani alikuwa sahihi, hiyo ni kazi ya mahakama. Nasema hivi: wewe uliyeweka pesa zako Chase Iman ukikimbia riba, uliambiwa kwamba upande wa pili wa musharaka zile ni nani? Uliambiwa kampuni zile za akina nani? Hukuambiwa. Mimi pia sikuambiwa. Ubia wenye mshirika asiyejulikana, masheikh wangeuitaje?

Na usidhani nasema benki za Kiislamu peke yake. National Bank, wenye hisa nyingi walikuwa NSSF na Hazina ya Kitaifa, yaani mfanyakazi na mlipa kodi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliwaadhibu waliokuwa wakuu wake kwa hesabu zilizopotosha. Mwaka 2019 KCB ikainunua, 2025 ikauzwa tena kwa Access Bank ya Nigeria. Wewe unayekatwa NSSF kila mwezi kwenye payslip, uliulizwa? Tupite, hiyo tutaiandika siku yake.

Sheria zipo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Benki kinasema mtu binafsi hawezi kushika zaidi ya asilimia 25 ya hisa za benki, moja kwa moja au kwa kupitia mwingine. Kinachoruhusiwa kuvuka hapo ni benki nyingine, serikali na mashirika yake, au kampuni mama iliyoidhinishwa. Kifungu cha 11 kinataka mkopo wa mkurugenzi upitishwe na bodi nzima, uwe na dhamana, na uwe kwa masharti yale yale anayopewa mteja wa kawaida. Miongozo ya Benki Kuu inataka wakurugenzi huru wasiopungua theluthi moja ya bodi, na mwenye hisa zaidi ya asilimia 5 asiwe ndiye anayeendesha benki. Maneno mazuri sana. Imperial na Chase zilikuwa chini ya sheria hizo hizo.

Shida iko kwenye lile neno "kupitia mwingine". Mtu akitaka kujificha hakosi njia. Hisa zinawekwa kwa jina la kampuni, kampuni inamilikiwa na kampuni nyingine, na ile nyingine imesajiliwa nchi ambayo daftari lake hulioni. Au hisa zimegawanywa kwa mke, ndugu, mpwa na wakili. Ukilipia CR12 kwenye eCitizen utapata majina ya wakurugenzi na wanahisa wa kampuni ya hapa. Ukikuta mwanahisa ni kampuni ya ng'ambo, safari imeishia hapo. Tangu 2020 kuna kanuni kwamba kila kampuni imtaje mmiliki wake halisi, binadamu mwenye pumzi, kuanzia anayeshika asilimia 10. Vizuri. Lakini daftari hilo limewekwa kwa ajili ya vyombo vya serikali. Wewe mwenye amana huruhusiwi kulifungua. Serikali inajua, benki inajua, wewe peke yako mwenye pesa ndiye hujui. Hapo haki iko wapi?

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu. Niliingia tawi moja, benki sitaitaja, nikaomba kwa adabu nipewe orodha ya wenye hisa na ripoti ya bodi ya sharia ya mwaka uliopita. Yule binti alinitazama kama nimeomba funguo za kabati la pesa. Akaniita meneja. Meneja akanikaribisha ofisini, akaniagizia maji, tukaongea habari za mvua, na nikatoka na kalenda. Kalenda nzuri, ina tarehe za Hijria na nyakati za swala. Mpaka leo iko ukutani. Orodha sijaiona.

Tuje kwenye benki zetu za Kiislamu zenyewe, kwa sababu ndizo tunazopaswa kuzishika mkono na pia kuzishika shati. Mwaka 2008 First Community Bank na Gulf African Bank zilipofungua milango, wengi tulifurahi mpaka machozi. Mtu aliyekuwa ameficha pesa chini ya godoro miaka yote kwa kuogopa riba alipata pa kuweka. Hilo ni jema na atakayelikana hana haki. Baadaye, 2017, ikaja DIB, ambayo ni mali ya Dubai Islamic Bank kwa asilimia 100. Gulf African ina wawekezaji wa nje akiwemo IFC, tawi la Benki ya Dunia. Na First Community, iliyokuwa ikihitaji mtaji mpya, mwaka 2023 asilimia 62.5 ya hisa zake zilichukuliwa na Premier Bank ya Somalia, na sasa inaitwa Premier Bank Kenya.

Kuna watu wakisikia hivyo wanaanza, aah, wageni wametunyang'anya. Mimi simo. Mgeni si mwizi, na wa nyumbani si malaika. Imperial na Chase hazikulizwa na mtu wa mbali. Ninachouliza ni kitu kimoja. Benki ilipobadilika mikono, mwenye akaunti aliambiwa nini? Alibadilishiwa jina kwenye kadi, akatumiwa ujumbe wa simu wa pongezi. Basi. Kama vile mbuzi sokoni, anayeuziwa mbuzi anaulizwa, mbuzi haulizwi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nataka ulishike vizuri, hata kama mengine utayasahau.

Kwenye benki ya kawaida, ukiweka pesa wewe ni mdai. Benki ina deni lako, ipate faida isipate, ikulipe. Lakini kwenye akaunti ya mudaraba mambo ni mengine. Pale wewe si mdai. Wewe ni mwenye mali, rabbul-mal, na benki ni mudarib, mtu wa kuifanyia kazi mali yako. Faida mnagawana kwa mlivyopatana. Hasara ya kibiashara, ikiwa mudarib hakufanya uzembe wala hiana, ni yako wewe mwenye mali. Ndivyo fiqhi inavyosema, na ndivyo ulivyosaini kwenye ile fomu yenye maandishi madogo ambayo hukuisoma.

Sasa fikiria. Mwanahisa naye ameweka mali na naye anabeba hasara. Kwa sababu hiyo ana kura. Anachagua bodi, anapitisha hesabu, anateua wakaguzi, anaweza kumfukuza mwenyekiti. Wewe wa mudaraba umeweka mali, unabeba hasara, na huna kura hata moja. Huna mtu kwenye bodi. Huna mkutano unaoalikwa. Mara nyingi pesa zenu nyinyi wote mkizijumlisha ni nyingi kuliko mtaji wa wenye hisa, na bado mmekaa nje barazani mkisubiri kuambiwa mwaka huu faida ni asilimia ngapi. Atakayekwambia hiyo ndiyo haki ya Kiislamu, mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi. Mudarib ni wakili kwenye mali yako. Tangu lini wakili akamficha mwenye mali daftari?

Na uzembe au hiana ya mudarib itajulikanaje? Atakayeichunguza ni nani? Utaambiwa, bodi ya sharia. Haya, tuiangalie.

Masheikh wetu tunawaheshimu na simtuhumu hata mmoja. Tatizo ni mpango wenyewe. Hapa kwetu kila benki inajichagulia masheikh wake, inawapa mkataba, inawalipa, na inaweza kuacha kuwaita. Malaysia wana baraza la sharia ndani ya Benki Kuu yao tangu 1997, na sheria yao ya 2009 imefanya uamuzi wa baraza hilo kuzifunga benki na hata mahakama. AAOIFI, shirika lililoko Bahrain linaloandika viwango vya benki za Kiislamu, linataka bodi ya sharia iteuliwe na mkutano mkuu wa wanahisa, iwe na watu wasiopungua watatu, na asiwemo mkurugenzi wala mwenye hisa kubwa. Uliza benki yako kama inafuata hata hilo. Uliza bodi ya sharia mwaka jana ilikataa bidhaa ngapi. Kama haijawahi kukataa kitu, basi ama benki yako ni ya mawalii, ama kuna jambo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Umma uliopewa aya hiyo leo unaambiwa usiulize maswali kwa benki, utaleta fitna!

Ndiyo, fitna ndilo neno tunalotishwa nalo. "Mkisema hivi watu watakimbia, benki za Kiislamu zitaanguka, maadui watafurahi." Hoja hii nisiipuuze, ina ukweli ndani yake. Chase ilipofungwa, Benki Kuu yenyewe ilisema uvumi wa mitandaoni ulichangia watu kukimbilia kutoa pesa. Kwa hivyo niseme wazi ili mtu asije akanilisha maneno: hakuna mahali katika maandishi haya ninapokwambia utoe pesa zako, na hakuna benki iliyo wazi leo ambayo nimeituhumu. Lakini uvumi unakula nini? Unakula giza. Mahali ambapo mwenye amana anajua nani mwenye benki, nani amekopa, nani anakagua, ujumbe wa WhatsApp usio na jina hauna nguvu. Anayeficha ndiye anayeuandalia uvumi chakula.

Na tukumbuke tulivyokuwa Aprili 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Tulisimama, tukasema huu ni uonevu, mama aliyeko Garissa anamtegemea kijana wake aliyeko Minneapolis, mtamlaza na njaa kwa kosa gani? Tulikuwa na haki na leseni zile zilirudi. Sasa mbona dola ikigusa pesa zetu tunapiga kelele, na mkurugenzi akizigusa tunasema tusubiri, tusiaibishane? Haki ya mali ni ile ile, aliyeichukua awe na bunduki au awe na kanzu nyeupe na koti la bei.

Swali hili haliwezi kungoja. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2024 imepandisha mtaji msingi wa kila benki kutoka Sh1 bilioni mpaka Sh10 bilioni. Ngazi zake ni Sh3 bilioni mwisho wa 2025, Sh5 bilioni mwisho wa 2026, Sh6 bilioni 2027, Sh8 bilioni 2028, na Sh10 bilioni ikifika mwisho wa 2029. Benki ndogo na za kati zitalazimika kutafuta pesa. Zitauza hisa, zitaungana, zitanunuliwa. Katika miaka hii michache wenye benki nyingi Kenya watabadilika, na benki za Kiislamu zimo humo humo. Mazungumzo hayo yanafanyika sasa, kwenye hoteli ambazo wewe na mimi hatuingii. Yakiisha tutatumiwa ujumbe wa pongezi.

Kwa hivyo tunataka nini? Tunataka kila benki, na za Kiislamu ziwe mbele kwa sababu ndizo zinazojiita za amana, itangaze hadharani kila binadamu anayeshika asilimia 5 au zaidi, hata kama hisa zimepita kwenye kampuni tano. Ripoti ya bodi ya sharia itolewe kila mwaka ikiwa na majina, malipo, na yale yaliyokataliwa. Wenye akaunti za mudaraba wapewe kiti kwenye bodi, au angalau kamati yao yenye haki ya kuona daftari. Na Bunge liunde baraza la sharia la taifa lisilolipwa na benki yoyote. Wabunge Waislamu tunao, kaunti zote zile. Wakija kwenye futari mwezi wa Ramadhani tuwaulize hili badala ya kupiga nao picha.

Futari. Nimekumbuka. Kamati za misikiti, hili ni lenu. Benki ikija na tende na mabango, ikitaka jina lake liwekwe kwenye mkeka wa futari, pokeeni tende kwa shukrani, kisha mwambieni yule aliyeleta: msikiti una akaunti kwenu, tunaomba barua yenye majina ya wenye benki. Msikiti ni mteja. Madrasa ni mteja. Waqfu ni mteja, na mwenye kusimamia waqfu ataulizwa mbele ya Mungu aliweka wapi.

Na wewe mmoja mmoja, liko jambo unaloweza kufanya leo kwa simu hiyo hiyo unayosomea. Kila robo mwaka benki zote hulazimika kuchapisha hesabu zao magazetini na kwenye tovuti zao. Usiangalie ukurasa wa mbele wenye faida. Shuka chini kabisa penye maelezo mengine. Utakuta mstari wa mikopo ya watu wa ndani: wakurugenzi, wanahisa na washirika wao kwanza, wafanyakazi baadaye. Chini yake utakuta mtaji msingi. Linganisha namba hizo mbili. Kama ya kwanza inapanda kila robo na ya pili imesimama, una swali la kuuliza. Tazama pia kima cha mtaji mzima kwa mali yenye hatari, sheria inataka kisipungue asilimia 14.5, na ukwasi usipungue asilimia 20. Hakuhitajiki digrii, ni kulinganisha tu. Na kumbuka bima ya amana, tangu Julai 2020, inakurudishia mpaka Sh500,000 benki ikifa. Zilizozidi hapo unasimama foleni na wenzako.

Kisha andika barua. Si ujumbe wa simu, barua, upeleke tawini na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Uliza mambo manne tu: nani wenye hisa halisi, nani wamo kwenye bodi na wangapi ni huru, nani wamo kwenye bodi ya sharia na nani aliwateua, na akaunti yangu ni ya mudaraba au ni ya qardh. Wape siku 14.

Wakikujibu, futa jina lako na namba ya akaunti, utume jibu kwenye ukurasa huu tuliweke wenzako walione. Na wakikupa kalenda, tuandikie pia: tawi gani, tarehe gani, na walikwambia maneno gani.